Kopo la Chai la Marehemu Baba

Ijumaa, 18 Oktoba 1996

Katika jangwa hili lote, kutoka milimani hadi pwani, hakuna anayejua uzee wa vitu kama mimi, Eleodoro Vilca. Nimeandika ili wajukuu wa wenzangu wajue. Nikiwa na miaka sita nilikuwa nanusa kutu nakwambia imetoka kwenye reli, kwenye sufuria au kwenye bawaba ya mlango. Gavana mmoja aliwahi kusimamisha treni aniulize umri wa sururu. Nikamtajia mpaka mwezi. Shule niliacha darasa la nne kwa sababu mwalimu alianza kuniuliza mimi maswali.

Leo limebandikwa tangazo mlangoni pa stesheni ya zamani. Bibi Bascuñán, mpiga picha kutoka mji mkuu, anatafuta picha kumi na mbili za vitu vikuukuu vya Santa Brígida, machimbo yaliyofungwa ya shura, ile chumvi ya mbolea na baruti. Nyeusi na nyeupe tu. Kitu kimoja kimetulia, bila mtu. Na kitu chenyewe lazima upeleke akione kwa macho yake. Picha zitakazochaguliwa zitakaa ukutani stesheni daima, na chini ya kila moja jina la aliyekitumia kitu hicho enzi za kazi.

Nimemsomea dada Otilia akimenya viazi. Kisu kikasimama. Akasema basi baba atapata jina ukutani.

Baba amelala Santa Brígida tangu mwaka hamsini na tatu, ngema ya machimbo ilipomwangukia. Msalaba wake wa mbao ulikuwa na jina. Upepo umelila, herufi moja moja, na karani wa makaburi alikufa kabla kampuni haijafa. Mwaka jana tulitundika maua kwenye makaburi mawili jirani, maana hatukuwa na uhakika. Dada alilia kwenye yote mawili, kwa haki.

Halafu akaniuliza kopo la baba liko wapi. Ni kopo la bati lenye mpini wa waya. Kila mchimbaji alikuwa na lake, akichemshia chai hukohuko kazini. Ndicho kitu pekee cha baba kilichobaki duniani. Nikamwambia nimelihifadhi mahali ambapo vumbi halifiki.

Si uongo. Kabati la Wenceslao kinyozi lina kioo.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimekwenda kwa Wenceslao. Miaka miwili sijakanyaga kinyozini kwake, kwa sababu ya heshima yangu. Kati yetu palitokea mapatano fulani, na mapatano hayo hayamhusu mtu, hata shajara hii.

Yule bwana ni mkusanyaji wa takataka. Kinyozini kwake kuna kabati zima la vitu vya machimbo: taa, kufuli, viatu vya mguu mmoja. Kopo la baba liko rafu ya pili, katikati ya kengele na mswaki wa mtu asiyejulikana. Jeusi tii. Nimelitazama kupitia kioo nikahisi kama linanitazama.

Aliponiona aliuliza kama hili pama langu, kofia ya ukingo mpana, nimezaliwa nalo, maana tangu Mei hajaniona bila. Wateja wakacheka. Nikamwambia kichwa chenye akili hakianikwi juani. Nikamwomba aniazime kopo siku mbili tu. Akasema, "Mjomba Eleo, uliondoka hapa unatabasamu na mzigo wako kwapani. Ngoma ilishachezwa hiyo." Akaongeza kwamba anakusudia kulipiga picha yeye mwenyewe, kwani ana kamera mpya.

Nikamjulisha kwamba mimi nimewafundisha picha askari wa majini, wakati yeye bado ananyoa mbuzi. Akaniuliza ilikuwa bahari gani. Nikatoka na heshima yangu, ila mlango ulinibana kidole.

Jumanne, 22 Oktoba

Usiku sikulala, asubuhi nina jibu. Kopo ni kopo. Uzee si kitu ila moto, chumvi na subira, na vyote hivyo mimi ninavyo. Subira kidogo.

Nimenunua kopo kubwa la fyulisi, matunda yaliyotiwa sharubati. Nimezila zote peke yangu nyuma ya banda la kuku ili dada asiulize. Tumbo limesimama kama mlingoti. Nimekata mdomo, nimetoboa pembeni, nimefunga mpini kwa waya wa ua. Kisha nikalichoma kwa vipande vya mataruma ya reli, moshi wake mweusi kama dhambi. Nikalipiga nyundo mara nne, moja kwa kila muongo tangu baba afe. Nikalimwagia siki, nikalipaka chumvi, nikalizika chini ya bakuli la maji ya kuku.

Jogoo alisimama juu yake akawika. Nimechukua hiyo kuwa dalili njema.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimefukua. Jamani, kutu. Kutu ya rangi tatu. Mtu angeapa limechemsha chai ya mababu wawili. Nimeliweka dirishani lipigwe na ukungu wa alfajiri, ule unaotambaa kutoka pwani na kula hata misumari.

Nikamwita dada. Nikamwambia hili hapa, nimelitoa mafichoni. Akafuta mikono kwenye aproni, akalishika kwa vidole viwili. Akaligeuza. Akanusa ndani. Akalirudisha dirishani pole pole, kama mtu anayemlaza mtoto wa jirani.

Kisha akabadili mazungumzo, akasema foronya yangu imekuwa nyeusi tena, anafua mpaka mikono inachubuka. Nikamwambia ni masizi ya kopo, nilikuwa nalo karibu na kitanda. Akatazama foronya muda mrefu. Akatazama kopo muda mrefu. Akatazama pama langu. Akaenda kukaanga kitunguu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Siku mbaya. Nilikwenda duka la dawa kununua filamu. Nilikaa kidogo kumweleza mwenye duka jinsi nilivyopiga picha kupatwa kwa jua kwa kutumia sanduku la viatu. Narudi nyumbani, kopo linanimulika toka dirishani kama jino la bandia.

Dada amelisugua kwa mchanga na limau, ndani na nje. Halafu akalipaka rangi ya fedha, ile iliyobaki ya misalaba. Alisema tuko wiki ya Watakatifu Wote, kila nyumba inaosha na kupaka rangi vitu vya marehemu wake, na baba hawezi kwenda ukutani akiwa mchafu. Alisema hivyo akinitazama usoni, brashi bado mkononi, kana kwamba ananisubiri niseme jambo.

Mtoto wa mchimbaji hamgombezi mtu anayepaka rangi wiki hii. Nikamwambia ahsante dada, umefanya vizuri. Akainamisha kichwa. Nadhani alifurahi.

Nimelichoma upya jioni. Rangi ya fedha ikiungua hunuka kama hospitali. Kuku hawajataga.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimepiga picha. Kamera ni ya marehemu baba yangu wa ubatizo, nzito, ukiiangusha inavunja kigae na yenyewe inacheka. Nimetandika ubao uliopasuka uani. Juu yake kopo, basi. Nikangoja jua liende upande ili kivuli kirefuke. Kivuli ndicho kinachosema, kitu chenyewe kinaitikia tu. Hilo nilimwambia gavana.

Filamu ina picha thelathini na sita. Thelathini na tano nimelipiga kopo likiwa limesimama, mdomo juu, kama ambavyo angefanya mtu yeyote. Ya mwisho nikalilaza, kitako kikatazama kamera. Mdomo wa kopo kila mtu ameshauona. Kitako nani amekiona? Huo ndio usanii.

Picha nimezisafisha mwenyewe chooni, taa nyekundu, mabeseni matatu, tambara chini ya mlango. Nikiwa katikati dada akafungua. Akasema choo ni cha watu wote na yeye ana miaka hamsini na sita. Mwanga ukaingia kama maji. Thelathini na tano zikafa palepale. Imepona moja, niliyokuwa nimeikalia.

Ile ya kitako.

Lakini ni picha. Nimeitundika kwenye kamba ya nguo nikaitazama mpaka ikakauka. Mikwaruzo, kutu, kivuli kimelala ubaoni kama mtu aliyechoka. Kwa dakika kadhaa nilisahau kwamba fyulisi nimezila Jumanne. Nilimwona baba akilirudisha chini, anakung'uta majani ya chai. Nikaingia ndani.

Jumatano, 30 Oktoba

Afadhali nisiandike. Naandika.

Stesheni imejaa. Kila mtu na kitu chake kwapani: koleo, kiatu, mlango mzima. Bibi Bascuñán ni mwanamke mdogo mwenye kioo cha kukuzia kilichofungwa kamba shingoni. Aliniomba nivue pama, lilikuwa linamzibia mwanga. Nikamwambia nina nadhiri kwa Bikira. Akasogeza kiti.

Akaitazama picha yangu. Akasema kivuli ni kizuri sana. Nataka hilo likumbukwe. Alisema kizuri sana.

Nikamsimulia jinsi baba alivyonywea kopo hili miaka kumi na tisa, jinsi lilivyomwokoa mkono baruti ilipolipuka, jinsi meneja Mwingereza alivyotaka kulinunua kwa farasi. Alisikiliza yote. Akachukua kopo, akaligeuza, akaweka kioo chake kwenye kitako. Akarudi kwenye picha, akaweka kioo palepale. Akaniuliza kwa upole baba alifariki mwaka gani.

Hamsini na tatu, nikasema.

Akanionyesha. Kwenye bati, chini ya kutu, zimechapwa alama kwa chuma. Mimi nilidhani ni mikwaruzo. Zinasema fyulisi hizi zitumike kabla ya Machi 1998.

Alisema kwa sauti ndogo, yule bibi ana adabu. Tatizo ni mstari. Wa nyuma yangu alimwambia wa nyuma yake, naye akamwambia yule wa mlango mzima. Mtu mmoja akasema, "Marehemu Vilca alikuwa mtu wa mbele, chai ya mwaka kesho kutwa alishainywa." Mwingine akauliza kama baba alikuwa akila na sharubati.

Nilieleza kwamba viwanda vya zamani vilikuwa vinaona mbali. Haikusaidia.

Nilipogeuka kuondoka, mtu wa tatu kutoka kwangu alikuwa Wenceslao. Ameshika kitu kimefungwa kwenye taulo la kinyozini. Hakucheka. Ningeona afadhali angecheka.

Nyumbani dada alikwishasikia, mji huu hauna kuta. Aliniwekea bakuli la supu ya kuku, paja zima. Nimekula nikiwa na pama kichwani.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Lori liliondoka kabla ya jua, watu wote na ngazi zao, makopo ya rangi, mashada ya maua ya karatasi, mikate ya umbo la mtu. Mwaka mzima Santa Brígida haina hata mbwa. Leo ina foleni ya ufagio.

Upepo ulikuwa ule unaosaga. Makaburi yamejaa mbao za kijivu zilizoinama upande mmoja, zote zimesahau majina. Ukizitazama kwa jicho la kamera ni nzuri kupita kiasi. Niliwaza hivyo, nikaona haya, nikashika brashi.

Tulipaka rangi misalaba yetu miwili. Dada alimwaga chai mchangani, kikombe huku, kikombe kule. Kisha akatoa kwenye kikapu kopo langu. Sikujua amelichukua. Akalijaza maua ya karatasi, akalifunga kwa waya kwenye msalaba wa pili.

Nikamuuliza mbona huo wa pili. Akasema kama huo si wa baba basi ni wa mtu asiye na mtu, na kopo lisilo na mwenyewe linamfaa.

Tukakaa. Upepo ukapiga maua. Halafu akaanza kusema bila kunitazama.

"Miaka mitatu nililiosha mimi kila jioni akitoka kazini. Ndani tu. Nje alikataza, ukisugua nje unafuta moto, masizi ndiyo yanayochemsha haraka. Hilo kila mtoto wa kambi alilijua, Eleo. Hata wewe ulilijua, ulichapwa kwa ajili yake."

Kweli nilichapwa. Nilikuwa na miaka saba. Nilitaka kumfurahisha, nikalisugua kwa mchanga mpaka likang'aa. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Akasema, "Mimi nilisugua hilo lako Jumamosi na kulipaka rangi mbele yako. Lingekuwa lake, ungepiga kelele mpaka kuku waruke ua. Ukasema ahsante dada."

Akaendelea kusema kwamba la kweli amelijua liko wapi tangu mwaka juzi, aliliona kabatini kwa Wenceslao alipopita kununua sega. Alikuwa ananingoja niseme mwenyewe. Hakuniuliza nililitoa kwa kitu gani. Akanirekebishia pama kwa mkono, upepo ulikuwa umelisogeza, akasema lori linapiga honi.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Picha zimetundikwa. Nilisema siendi. Nikaenda.

Kumi na mbili ukutani, nyeusi na nyeupe. Koleo. Kufuli. Ule mlango mzima, wameuchukua. Ya saba ni kopo la baba.

Nimelitazama. Wenceslao hakufanya lolote: meza, dirisha moja, kopo. Nje jeusi hata mwanga unaogopa kugusa. Mdomo umebonyea upande ambao baba alikuwa anaugonga kwenye reli. Na kwenye mpini wa waya, katikati, pana sehemu imekuwa laini na nyeupe, upana wa vidole viwili. Ndipo alipokuwa akishika. Mtu hayupo lakini vidole vipo.

Chini yake imeandikwa: Hipólito Vilca, mchimba shura. Kopo lake la chai.

Jina alilipeleka dada. Jumatatu, wakati mimi nangoja kivuli uani, yeye alivaa shali yake nyeusi akaenda kinyozini, akamwomba Wenceslao kwamba akilipiga picha, jina liwe la baba, si la mwenye kabati. Wenceslao alimwambia hakuwa amewaza kuandika lingine.

Dada alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Akagusa jina kwa kidole, kama anavyojaribu rangi kama imekauka. Akatazama kidole. Kilikuwa safi.

Wenceslao akaja akasimama kando yangu, kofia mkononi. Akasema picha haikuwa na kazi, kopo lenyewe linajua kukaa. Nikamwambia mwanga umepungua kidogo upande wa kushoto. Akatazama. Akasema labda kweli. Hapo ndipo nilipojisikia vibaya kuliko siku zote hizi.

Jumanne, 5 Novemba

Nimetafakari siku tatu, na mambo yamekaa sawa.

Kama kopo lingekuwa nyumbani miaka hii miwili, lingepakwa rangi ya fedha pamoja na misalaba. Dada angesema hapana, lakini brashi ikishalowa haisikilizi. Nani basi aliliokoa? Aliyeliweka nyuma ya kioo. Nani aliyeliweka nyuma ya kioo? Picha ya saba ni kazi yangu kwa namna ya kuona mbali. Nimemweleza hivyo mwenye duka la dawa, akasema hajawahi kulifikiria.

Zaidi ya hayo, Bibi Bascuñán ameacha tangazo jipya. Mwakani anarudi kwa vitu vya wanawake wa machimbo. Sisi tuna pasi ya makaa ya mama, ile yenye kichwa cha jogoo. Dada anaiweka juu ya kabati la vyombo, wazi kabisa, karibu na brashi. Hatari tupu. Mtu anayejua uzee wa vitu hawezi kukaa akitazama.

Kwa hiyo leo asubuhi, dada akiwa kanisani, nimeifunga kwenye gazeti nikaipeleka kwa Wenceslao ikahifadhiwe. Alikuwa peke yake, anafagia. Aliifungua kwenye gazeti, akaitazama, akanitazama. Akaniuliza kama dada anajua. Nikamwambia ni mambo ya familia. Akavuta pumzi. Akauliza, ileile? Nikasema ileile, nyeusi ya kunguru. Akanipa, akageukia ufagio wake. Nikavua pama pale kwenye kioo chake, mbele ya mtu kwa mara ya kwanza tangu Mei, nikaona mvi zimeshuka mpaka masikioni, hata masizi ninayojipaka hayazifichi.

Basi niandike, shajara haina mdomo. Kopo la baba nililitoa kwa chupa mbili za rangi ya nywele, zilizoisha Mei. Kwa pasi ya mama nimepata tatu.